Kupima ustawi wa akili wa wanandoa: hojaji ipi, na mume na mke wahojiwe vipi?

Mratibu_Kisumu

Habari zenu wote. Naomba msaada wa kitaalamu kabla hojaji haijachapishwa.

Kuna programu ya vikao 6 vya ushauri nasaha kwa wanandoa hapa Kisumu: Nyalenda, Manyatta na kando ya ziwa pale Dunga. Jozi ni 120, makundi ya jozi 10, kikao kimoja kila wiki. Mfadhili amechoka kuhesabiwa vichwa vya waliohudhuria. Anataka kujua kama ustawi wa akili wa wanandoa hao umebadilika.

Rasimu iliyopo ina maswali 62: PHQ-9 (hojaji ya dalili za sonona), kuridhika na ndoa, pesa za nyumbani, halafu sehemu ya ugomvi na vipigo. Mpango ni mume na mke waketi pamoja mbele ya mhoji mmoja, wajibu kwa zamu, kisha alama zao zijumlishwe na kugawanywa kwa mbili ili kila nyumba ipate "alama ya ndoa". Kipimo cha kwanza Mei, cha pili Agosti.

Nauliza: PHQ-9 inatosha kupima ustawi? Kuna ubaya gani kuwahoji pamoja, maana muda na nauli vinabana? Na hiyo alama ya ndoa ina mashiko?

Mshauri_Kakamega

Mratibu, naanza na swali la mwisho kwa kuwa ndilo litakalokuharibia kazi yote hata ukipatia mengine.

Chukua nyumba ambayo mume ana alama 76 kati ya 100 na mke ana 32. Wastani ni 54. Nyumba ya pili, mume 54, mke 54. Kwenye ripoti yako nyumba hizi ni pacha. Na kama umechora mstari kwenye 50, zote mbili zimevuka salama, ilhali katika ile ya kwanza kuna mama anayestahili kuonwa na mhudumu wa afya ya akili wiki hiyo hiyo. Kila nyumba iandikiwe namba tatu: ya mume, ya mke, na tofauti yao (mume toa mke). Alama ya kutoa isifutwe. 44 na -44 ni nyumba mbili zenye shida tofauti kabisa. Wastani mwachie mtu wa takwimu.

Sasa PHQ-9. Hiyo inauliza dalili za sonona kwa wiki mbili zilizopita: maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na ngazi zake zinaanzia 5, 10, 15 na 20. Ni chombo kizuri, na kimefanyiwa utafiti huku kwetu. Kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2009 kuhusu watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya. Tatizo ni kwamba wanandoa wako si wagonjwa waliokuja kliniki. Wengi watapata 2, 3, 4. Mtu aliyeanza na 3 atashuka mpaka wapi ili uone vikao vimemsaidia? Na mwenye 2 hana sonona, sawa, lakini hilo halikwambii kama anaamka na hamu ya siku yake.

Kwa ustawi tumia WHO-5. Ni ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 1998, na haitozwi ada. Ina sentensi 5, zote za upande mzuri: uchangamfu, utulivu, mwili kuwa na nguvu, kuamka ukiwa umepumzika, na siku kuwa na mambo yanayokuvutia. Kila moja ina ngazi 6, kutoka 0 (hakuna wakati wowote) hadi 5 (wakati wote), kwa wiki mbili zilizopita. Jumla ni 0 hadi 25. Zidisha kwa 4 upate 0 hadi 100. Aliye na 50 au chini yake aulizwe zaidi kuhusu sonona. Mabadiliko ya alama 10 ndiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa na uzito. Mtu akiruka swali moja usikadirie jibu lake, mrudie palepale. Maswali ni matano tu na pengo moja ni sehemu ya tano ya kipimo.

Kuna pia WEMWBS, kipimo cha ustawi cha Warwick-Edinburgh, ya maswali 14 (alama 14 hadi 70) na fupi yake ya maswali 7. Inafaa, ila lazima ujiandikishe kuomba ruhusa. Tena jumla ya ile fupi hugeuzwa kwanza kwa jedwali maalumu, hatua ambayo watu huiruka kisha wakashangaa mbona wastani wao haulingani na wa wengine.

Ustawi wa mtu na hali ya ndoa yake vipimwe mbalimbali. Mtu anaweza kuwa na amani na mwenzake huku karo na madeni ya chama vinamnyima usingizi. Mwingine amestawi vizuri kwa sababu mwenzake anafanya kazi Mombasa na huja Krismasi. Ukivichanganya kwenye jumla moja hutajua vikao vimegusa nini. Kwa ndoa napendelea CSI-4, hojaji fupi ya kuridhika na uhusiano: maswali 4, moja 0 hadi 6 na matatu 0 hadi 5, jumla 21. Kule Marekani ilikotengenezwa, 13 kushuka chini ni dalili ya ndoa yenye matatizo. Hapa usiutumie mstari huo kama hukumu. Tumia namba yenyewe, ipande au ishuke. KMSS, hojaji ya Kansas ya kuridhika na ndoa, ina maswali 3 tu na inavutia kwa ufupi, lakini inauliza kuhusu ndoa yako, mwenzako kama mume au mke, na uhusiano wenu, na kwa Kiswahili watu husikia swali lilelile mara tatu. Wanatoa 6, 6, 6. Alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja, mwisho 1) itatoka 0.95 na utadhani una chombo bora, kumbe una swali moja lililorudiwa.

Mpangilio una maana pia. WHO-5 itangulie, kabla ya swali lolote la ndoa au pesa. Mtu akishaulizwa kuhusu deni na ugomvi, jibu lake la "nimekuwa mtulivu" limeshachafuka.

Ukipanga hivyo, maswali 62 yatashuka hadi chini ya 30: WHO-5, CSI-4, PHQ-9 kwa wanaohitaji, taarifa za kawaida kama 8 (umri, miaka ya ndoa, watoto, kazi, kulala nyumbani siku ngapi kwa wiki), na mizigo iliyotokea mwezi huo: msiba, kufukuzwa kazi, mtoto kurudishwa nyumbani kwa karo, ugonjwa.

Daktari_Eldy

Nakubaliana na Mshauri isipokuwa hapo kwenye "PHQ-9 kwa wanaohitaji". Ukimuuliza tu aliye na WHO-5 ya 50 kushuka, hiyo ni njia halali ya kuchuja, lakini usije Agosti ukatoa wastani wa PHQ-9 wa kabla na baada. Wa Mei ni kundi moja, wa Agosti ni jingine. Amua mapema: ama kila mtu anaulizwa mara zote mbili, ama inabaki chombo cha rufaa na haiingii kwenye matokeo.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usiliweke kama hujapanga haya kabla ya siku ya kwanza: nani anapigiwa simu, kituo gani kinapokea (JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iko hapo hapo mjini, zungumzeni na kliniki yao ya afya ya akili wajue mnakuja), na nani analipa nauli. Jibu lolote juu ya 0 lifungue maswali ya ziada papo hapo: ni sasa au zamani, kuna mpango, kuna kitu nyumbani kama dawa ya mifugo au ya shamba, amewahi kujaribu. Akijibu ndiyo kwenye mpango, mhoji haondoki mpaka msimamizi afike. Hapo usimpigie mwenzake wa ndoa kwanza. Muulize mhusika anamwamini nani, kwa sababu pengine mwenzake ndiye chanzo.

Wahoji wengine hulikwepa swali hilo au kulisoma haraka haraka wakiogopa polisi. Wafahamishwe kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025.

Msimamizi_Nyanjani

Nijibu la kuwahoji pamoja. Usifanye hivyo hata kama nauli imeisha.

Mke akijibu mbele ya mume, utapata majibu ya mume kwa sauti mbili. Na mume naye hatakubali mbele ya mkewe kwamba halali usiku kwa mawazo. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona kwenye data: majibu ya jozi yanafanana kupita kiasi, hadi kwenye swali la "nimeamka nikiwa nimepumzika". Kuwahoji kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, pia si dawa. Wa kwanza akitoka, wa pili anaulizwa mlangoni "umeulizwa nini?" na hapo wamekwisha kupatana.

Kwa hiyo wahoji wawili, wakati mmoja, mahali pawili, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Nyumba za mabati za Nyalenda na Manyatta zina kuta zinazopitisha kila neno, basi usitegemee chumba cha pili. Omba darasa Jumamosi, ukumbi wa kanisa, au chumba cha zahanati. Mmoja ahojiwe huko, mwingine kwenye kivuli cha mti umbali ambao sauti haifiki. Mama mkwe akiketi karibu, mhoji awe na karatasi ya maswali ya kawaida (maji, choo, bima ya afya) ya kuhamia mpaka atoke. Kadi ya majibu yenye namba 0 hadi 5 husaidia sana: mhojiwa anaonyesha kwa kidole bila kutamka.

Ratiba ifuate kazi za watu. Wavuvi wa omena (dagaa) hutoka usiku na taa zao kwenye giza la mwezi, hurudi alfajiri na kulala asubuhi. Mwezi ukiwa mpevu wengi wako nyumbani. Bodaboda hampati saa za watu kwenda na kurudi kazini, mpate saa nne hadi saa nane mchana. Wanaouza Kondele au Kibuye, siku ya soko wasahau. Mahojiano ya maswali chini ya 30 ni kama dakika 25, lakini kusubiri mwenzake afike ndiko kunakokula siku. Jozi moja ya wahoji ihesabu nyumba 4 kwa siku, si 8. Jozi 3 za wahoji zitamaliza nyumba 120 kwa siku 10, ongeza siku 3 za kuwarudia waliokosekana.

Namba za utambulisho: nyumba ipewe tarakimu tatu, mume 1, mke 2. Yaani 037-1 na 037-2. Zitolewe ofisini kabla ya kwenda, zichapishwe kwenye vijikaratasi. Mhoji akiachiwa azibuni mwenyewe, utapata 037-1 mbili na 073-2 isiyo na mume, na hakuna programu itakayokuunganishia jozi hizo baadaye. Majina na simu vikae kwenye faili jingine lenye nywila. Wanaotumia KoboToolbox au ODK (programu za kujaza fomu kwenye simu) wafunge uwezo wa mhoji kufungua fomu iliyokwisha kukamilishwa, na waweke fomu ijitume na kujifuta kwenye simu. Simu ya mhoji wa mume isiwe na majibu ya mke wa nyumba hiyo.

Ridhaa pia ni ya mtu, si ya nyumba. Kila mmoja aombwe peke yake. Mmoja akikataa, mwenzake asijue nani amekataa. Mhoji wake aendelee na maswali ya kawaida, amalize, ashukuru. Pesa ya nauli apewe kila mmoja kwenye simu yake mwenyewe, vinginevyo mke ataisikia tu.

Na ile sehemu ya vipigo, itoe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake, tangu 2001, unasema ahojiwe mwanamke mmoja tu kwa kila nyumba, na wanaume wa nyumba hiyo wasiulizwe maswali hayo. Sababu si ngumu: mume akiulizwa "umewahi kumpiga mkeo?" anajua palepale kwamba na mkewe ameulizwa, na nyinyi mmeondoka na pikipiki yenu. Utafiti wenu unahoji wote wawili kwa muundo wake, basi sehemu hiyo haina nafasi. Jina la utafiti kwa jirani na kwa mzee wa mtaa liwe "afya ya familia". Mwanamke akilileta mwenyewe, mhoji asikilize, asiandike kwenye fomu, ampe 1195, namba ya simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ambayo haitozwi. Namba hiyo mwanamke aikariri kichwani au iwe kati ya namba nyingine kumi za huduma kwenye karatasi moja. Karatasi yenye 1195 peke yake ikikutwa kwenye mkoba ni hatari.

Takwimu_Nakuru

Kabla ya hesabu, tarehe. Mei hadi Agosti ni mtego. Mei mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya yako shambani. Uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa Aprili hadi Julai, kwa hiyo Dunga pesa ni haba. Agosti mahindi yamevunwa au yanavunwa na nyavu zimerudi ziwani. Ustawi utapanda bila kikao hata kimoja, na mfadhili atafurahia mvua. Ongezea kwamba waliojiandikisha kwa sababu wako kwenye hali mbaya kabisa huelekea kupanda wenyewe wakipimwa tena.

Dawa ni kundi la kungoja. Pigeni kura hadharani ndani ya kila mtaa, jozi kwa jozi: 60 waanze sasa, 60 waanze baada ya kipimo cha Agosti. Wote wapimwe tarehe zilezile. Hakuna anayenyimwa huduma, anacheleweshwa tu.

Je, jozi 60 kwa kila upande zinatosha? Tuseme unataka kuona tofauti ya alama 10 za WHO-5 na mkengeuko sanifu (jinsi alama za watu zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni 25, yaani tofauti ni 0.4 ya mkengeuko. Kwa uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti ikiwa ipo) na kiwango cha 0.05 (nafasi ya kuiona ikiwa haipo) unahitaji watu 98 kila upande, kama wangekuwa hawahusiani. Mume na mke wanahusiana. Tuseme uwiano wa ndani ya jozi, yaani kiasi alama za mume na mke zinavyofanana, ni 0.3, zidisha kwa 1.3, unapata watu 128, yaani jozi 64. Ukitumia alama ya Mei kurekebisha ya Agosti, na alama hizo mbili zina uhusiano wa 0.5, hitaji linashuka kwa robo: jozi 48. Asilimia 15 wakipotea (wengine watarudi ushago), unahitaji 57. Una 60. Imepita kwa kubanana. Na bado sijahesabu kwamba jozi 10 zinaketi na mshauri mmoja; mshauri hodari na mshauri mvivu hutengeneza makundi tofauti. Andika namba ya kikundi kwenye kila fomu. Kama lengo la mfadhili ni kuona alama 5, mwambie sasa: tofauti ikigawanywa kwa mbili, sampuli inazidishwa kwa nne.

Uchambuzi: usiwatupe watu 240 kwenye jaribio la kawaida kana kwamba ni wapita njia. Ukilinganisha waliopata vikao na waliongoja, kupuuza jozi hufanya kosa sanifu (kiasi cha shaka kwenye matokeo) liwe dogo kuliko lilivyo na utashangilia kitu kisichokuwepo. Ukilinganisha waume na wake, kupuuza jozi hufanya kinyume chake, unakosa tofauti iliyopo. Kwa kuwa jozi yako ina mume na mke, wanaotofautishika, tumia modeli ya mhusika na mwenza, ile iitwayo APIM: ustawi wa mke Agosti unategemea kuridhika kwake mwenyewe na ndoa hapo Mei, na pia kuridhika kwa mumewe hapo Mei, halafu vivyo hivyo kwa mume. Utaweza kusema kitu ambacho wastani hauwezi, kwa mfano kwamba hali ya mume inatabiri ya mke lakini si kinyume chake. Kwenye R (programu ya takwimu), kifurushi cha nlme kinafanya kwa amri ya gls, ukiruhusu mabaki ya jozi (sehemu ya alama ambayo modeli haikuieleza) yahusiane na ukubwa wa mabaki utofautiane kwa jinsia. Data ipangwe mstari mmoja kwa kila mtu, na safu mbili za alama: yake na ya mwenzake. Kosa la kawaida ni kunakili safu ya mwenza kwa mkono. Fanya kwa kuunganisha kwa namba ya nyumba, kisha hakiki nyumba 5 kwa macho.

Moja la mwisho kuhusu mtu mmoja mmoja. Alama 10 zina uzito kwa wastani wa kundi. Kwa mtu binafsi, kama mkengeuko ni 22 na uthabiti wa hojaji ni 0.85, mabadiliko chini ya 24 hivi yanaweza kuwa ni kelele za kipimo tu. Kwa hiyo mshauri asimwambie mtu "umepanda alama 12, hongera".

Mratibu_Kisumu

Asanteni sana, hapa kuna kazi ya kubadilisha rasimu nzima. Mawili bado. Nyumba 7 kati ya 120 zina wake wawili. Tuziondoe? Na akina mama wengi wa umri mkubwa wanajieleza kwa Dholuo kuliko Kiswahili, lakini waume zao wanajibu kwa Kiswahili bila shida.

Takwimu_Nakuru

Usiziondoe kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila zenye wake zaidi ya mmoja, na ukizifuta ripoti yako haisemi tena "wanandoa wa Kisumu". Mume 041-1, wake 041-2 na 041-3. Mume anajibu WHO-5 mara moja, lakini CSI-4 mara mbili, mara moja kwa kila mke, na mpangilio wa nani aulizwe kwanza uwe wa kura, si mke mkubwa kila mara. Kwenye APIM mume huyo angeingia mara mbili, na modeli haijui kwamba ni mtu mmoja. Nyumba 7 hazitoshi kujenga modeli yake. Fanya uchambuzi mkuu kwa zile 113, kisha rudia ukiziongeza 7 (chagua jozi moja kwa kura kila nyumba), onyesha kama matokeo yanabadilika, na zieleze hizo 7 kwa maneno na namba zake. Andika uamuzi huu sasa, kabla hujaona data.

Vilevile fafanua "ndoa" kwenye karatasi ya kwanza. Wengi Nyalenda ni njoo tuishi. Kuishi pamoja miezi 12 au zaidi na wote wawili kujiita mume na mke kunatosha. Ukidai cheti utabaki na watu wa kanisa tu.

Mshauri_Kakamega

Kuhusu lugha: kila mtu achague yake, lakini iandikwe kwenye fomu, na Agosti ahojiwe kwa lugha ileile ya Mei. Hatari ni pale mume yuko kwenye Kiswahili na mke kwenye Dholuo: tofauti yao ya alama 12 inaweza kuwa ya tafsiri. Ukiona pengo kati ya waume na wake, linganisha kwanza wake wa Kiswahili na wake wa Dholuo wa umri mmoja.

Tafuta kwanza tafsiri zilizokwisha kutumika. Pasipokuwa nayo, wawili watafsiri kila mmoja kivyake, wakutane wapatane, wa tatu ambaye hajaona hojaji ya Kiingereza aitafsiri kurudi nyuma. Kisha watu 8 hadi 10, nusu wanaume, wasomewe kila swali na waulizwe wamelielewa vipi. Hapo ndipo mambo hufichuka. Sentensi ya tatu ya WHO-5 ikisomwa "nimekuwa na nguvu" kwa wanaume, kwenye hojaji ya wanandoa, wengi wanaisikia kama nguvu za kiume na wanajibu 5 kwa haraka. Sema "nimekuwa mchangamfu wa mwili, mwenye nguvu za kufanya kazi". Sentensi ya nne, ya kuamka umepumzika, itakuwa chini kwa mama anayenyonyesha na kwa mvuvi wa usiku hata kama akili zao ziko sawa. Usiibadilishe, ila ripoti wastani wake peke yake pamoja na jumla.

Ngazi ya "zaidi ya nusu ya muda" na "chini ya nusu ya muda" huwachanganya watu karibu wote. Weka punje 14 za mahindi mezani, kila punje siku moja, mhojiwa asogeze za siku alizohisi hivyo. Punje 8 hadi 10 zikienda upande mmoja, mhoji anajua ni "zaidi ya nusu" na anasoma ngazi hiyo kuthibitisha. Jibu linaloandikwa ni la ngazi, idadi ya punje haiandikwi.

Mratibu_Kisumu

Punje nimezipenda. Na vibali, ni NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) tu?

Msimamizi_Nyanjani

Kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, hapo jirani kuna ya JOOTRH na ya Chuo Kikuu cha Maseno. Peleka pamoja na hojaji kwa lugha zote mtakazotumia, fomu ya ridhaa ya kila lugha, na ule mpango wa rufaa wa Daktari, maana ndio watakaouuliza kwanza. Kisha leseni ya NACOSTI. Kisha idara ya afya ya kaunti, halafu chifu na mzee wa mtaa. Ukianza na chifu kabla ya kamati unarudishwa mwanzo, na karatasi ulizokwisha kuchapisha zinakuwa za kufungia maandazi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya, hali ya ndoa na majina ya mume au mke kuwa data nyeti, kwa hiyo kwenu hata orodha ya majina ya jozi, bila alama yoyote, ni data nyeti. Isitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha wahoji. Kila mhoji apewe asubuhi nyumba zake za siku hiyo kwa karatasi, na jioni airudishe.